Mita Mia Tatu Hadi Mikokoni

Jumamosi moja alfajiri tulisimama kituoni Mikindani, Mombasa, kundi la watu wazima waliovaa viatu vya soli nene na kubeba chupa za maji, tukisubiri gari la kukodi litupeleke kwenye hifadhi ya Shimba Hills. Dereva alikuwa amechelewa na simu yake haikupatikana. Katika kungoja huko akatokeza mama mmoja wa makamo kutoka kwenye kichochoro kinachoteremka baharini, kajifunga leso kiunoni, tope jeusi limemfika magotini, mkononi ana ndoo ya chaza. Tulimwamkia, akatuitikia, akaitua ndoo apumzike kidogo, na baada ya kuikagua mifuko yetu mmoja mmoja akauliza: "Mwaenda wapi nyote, wanangu?"

Tukamwambia twaenda Kwale, kutembea msituni.

"Mwalipa ngapi?"

Mmoja wetu akamtajia mchango wa kila mtu: gari, kiingilio na chakula cha mchana. Mama yule alicheka hadi akashika kiuno. "Kutembea tu?" alisema, kisha akainua ndoo yake akaenda zake.

Matembezi yenyewe yalikuwa mazuri na sitayasimulia. Maporomoko ya Sheldrick yapo palepale, swala wale waitwao palahala walikataa kuonekana, na jua la Kwale halina huruma kwa mtu aliyezoea upepo wa bahari. Kilichonikaa rohoni kwa wiki kadhaa ni kile kicheko, kwa sababu kichochoro alichopanda mama yule kinapita nyuma ya nyumba ninayoishi, na mwisho wake ni msitu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeutaja tulipokuwa tukibishana mahali pa kwenda.

Tajiri wa kwenye ramani

Wanaopanga miji wana kipimo chao cha jambo hili. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya kanda ya Ulaya hupendekeza kwamba mkazi wa mji asiwe mbali zaidi ya mita 300 na eneo la kijani lenye ukubwa wa angalau nusu hekta, yaani mwendo wa dakika tano hivi kwa miguu. Cecil Konijnendijk, mtaalamu wa misitu ya mijini, amelifanya wazo hilo kuwa rahisi kukumbukwa kwa tarakimu tatu, 3, 30 na 300: mtu aone miti mitatu kutoka nyumbani kwake, matawi ya miti yafunike asilimia 30 ya mtaa wake, na bustani isiwe mbali zaidi ya mita 300.

Nilipima kwa simu. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye mchu wa kwanza, mmoja wa miti ya mikokoni, hazifiki mita 300.

Kwa kipimo hicho mimi ni tajiri, na pamoja nami maelfu ya watu wa Mikindani, Jomvu, Tudor, Chaani na mitaa ya Kisauni inayoitazama hori. Mombasa ni kisiwa kilichokumbatiwa na mikono miwili ya bahari, hori ya Tudor upande mmoja na ya Port Reitz upande wa pili, na yote miwili imepakana na mikoko. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, na ni wachache mno kati yao wanaoishi mbali na maji. Ongeza hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1986, ongeza Haller Park, machimbo ya mawe ya Bamburi ambayo tangu 1971 yalianza kugeuzwa msitu kwa mivinje, na majongoo wakaletwa kuyasaga majani yake yawe udongo. Ongeza na Shimba Hills yenyewe, kilomita 33 tu kutoka mjini. Mtu akiitazama ramani kutoka mbali atadhani wakazi wa Mombasa hushinda porini.

Lakini muulize mkazi wa kawaida ni lini mara ya mwisho aliweka mguu mahali palipoachiwa miti na wanyama. Wengi wa niliowauliza walitaja safari ya shule ya msingi, ya kwenda kumlisha twiga.

Ukuta, nauli, na ruhusa

Kwanza nilidhani jibu ni jepesi, na kwa muda nililiamini kabisa: mahali hapa ni karibu lakini pamefungwa. Ushahidi haukuwa haba. Mkazi wa Mtopanga au Bombolulu anasikia upepo wa bahari usiku, lakini akitaka kuufuata asubuhi atakutana na kuta za hoteli na za nyumba za kifahari, na baadhi ya vichochoro vya kushukia ufukweni vimekonda mwaka hadi mwaka mpaka vikawa mlango wa mtu. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta unabeba umati ambao ungepaswa kugawanyika katika ufuo wote wa kaskazini. Sheria iko wazi kiasi cha kushangaza: Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaiweka ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa katika ardhi ya umma. Mchanga ni wako. Tatizo ni hatua zile chache za kuufikia.

Shimba nako kuna ufungo wa namna yake. Hakuna matatu inayoingia getini na kukuzungusha ndani. Barabara ya Dongo Kundu imetuondolea foleni ya kivuko cha Likoni, nasi watu wa bara ya magharibi tumefaidika zaidi kuliko wote, lakini barabara hiyo humsogezea msitu mwenye gari. Kwa asiye na gari, Shimba ya leo iko mbali vilevile kama ilivyokuwa kabla ya zege kumwagwa.

Historia ya kwingine ilinipa nguvu zaidi. Tarehe 24 Aprili 1932, huko Uingereza, mamia ya vijana wafanyakazi, wengi wao kutoka Manchester, waliingia bila ruhusa kwenye nyanda za juu za Kinder Scout, ambazo zilikuwa safari fupi tu kutoka viwandani mwao lakini zilikuwa zimewekwa akiba kwa ajili ya uwindaji wa wenye mali. Watano walifungwa jela. Ilichukua hadi mwaka 2000 kwa sheria ya Uingereza na Wales kumpa mtu yeyote haki ya kutembea katika nyanda za aina hiyo.

Na mwaka huohuo wa 1932, mikoko yote ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali.

Nilipokutana na jambo hilo niliweka kalamu chini. Kumbe ule mteremko wa nyuma ya nyumba, ambako mitaro yetu huishia na ambako watoto hukatazwa kwenda, umekuwa msitu kisheria kwa zaidi ya miaka 90. Hauna geti. Hauna ukuta. Hauna kiingilio. Dai langu la kwamba tatizo ni kufungwa lilianza kuyumba hapo, kwa kuwa mahali palipo karibu nami kuliko pote, na pasipofungwa na mtu yeyote, ndipo ambapo mimi na wenzangu hatukwenda.

Njia ifungukayo mara mbili kwa siku

Nilishuka, basi, na kijana wa jirani ambaye hutega kaa. Aliniambia nisivae vile viatu vyangu vya Shimba.

Jambo la kwanza analojifunza mtu mikokoni ni kwamba umbali wake hubadilika kwa saa. Maji yakiwa yamekupwa kuna ujia unaoeleweka, umekanyagwa na miguu ya wachokoa chaza na wategaji, na unaweza kutembea ndani kabisa hadi uone hori wazi mbele yako. Saa sita baadaye ujia huo uko chini ya maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa katika pwani hii hupita mita 3, na msitu wote husimama majini. Kipimo cha mita 300 hakina safu ya bamvua. Mchokoa chaza anaijua ratiba hiyo bila kutazama simu. Mimi nilihitaji kijana wa kunishika mkono.

Mkandaa hupenda upande wa nchi kavu, mkoko wenyewe husimama kwenye tope laini juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, na mlilana hutangulia mbele kuikabili bahari. Mchu huonekana pande zote mbili. Mizizi yake ya hewa huchomoza topeni kwa mamia, wima, na ndiyo pua zake, kwa sababu tope lile halina hewa ya kutosha. Tulipoinama kimya kwa muda, tope lililokuwa tupu likaanza kujaa kaa wadogo, kila dume na gando lake moja kubwa, akilipunga kwa majirani. Kijana alinionyesha chaza walivyojibandika kwenye mizizi ya mkoko, safu juu ya safu, mpaka pale pale maji makuu yanapoishia, kana kwamba mtu amepiga mstari. Pia alinionyesha visiki. Vilikuwa vingi, vingine vibichi.

Pale pale nikaelewa pia kwa nini wengi hawashuki. Kuna harufu, nitaieleza. Na kuna moshi: wapikaji wa pombe ya chang'aa wamejificha katika mikoko ya hori hii kwa miaka mingi, kuni ziko karibu na askari wako mbali, na mgeni akitokea ghafla hapokewi kwa bashasha. Kijana alipiga mluzi mara kwa mara tulipokuwa tukipita mahali fulani. Sikumuuliza mluzi huo ulikuwa wa nani.

Walio karibu kupita kiasi

Ndipo shaka ya pili ikanijia, nayo ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Sisi wa viatu vya soli nene huzungumzia ukaribu na pori kana kwamba ni neema tupu. Anayeishi ukingoni mwa Shimba ana maoni mengine. Kwake ukaribu ni ndovu shambani usiku, ni mahindi ya msimu mzima yaliyokwisha kabla ya adhana ya alfajiri, ni mtoto asiyeweza kwenda shule peke yake kabla ya jua kuchomoza. Ua wa umeme uliojengwa kule haukujengwa ili kumzuia mtalii. Na hata eneo la Mwaluganje, ambalo wakulima walitoa mashamba yao katika miaka ya 1990 ili ndovu wapate mapito na wao wapate mgao wa mapato ya wageni, lilizaliwa kutokana na ukaribu uliokuwa umeshindikana.

Mchokoa chaza naye hahesabu mita. Tope lile kwake ni kazi, lina vigae vya kukata nyayo na siku za kurudi na ndoo nusu. Ukimwambia kwamba utafiti umeonyesha kutembea karibu na miti kunatuliza moyo, atakuona huna shughuli.

Kwa hiyo ningeandika nini? Kwamba njia ifunguliwe, watu waje? Nilijaribu kuwaza makundi kama letu yakishuka kila Jumamosi, watu arobaini kwa mkupuo, wakikanyaga pua za mchu, wakiacha chupa, wakipiga picha za akina mama walioinama topeni. Kwa wiki mbili hivi niliona afadhali makala haya yasiandikwe.

Msitu wenye masharti

Kilichonitoa hapo ni kaya. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba kaya ni msitu mtakatifu wa wazee, na mwaka 2008 UNESCO ilipoziingiza kaya za Wamijikenda katika urithi wa dunia, wengi wetu tulijiuliza kwa nini ilichukua muda huo wote. Nilikuwa nimewahi kuingia Kaya Kinondo, karibu na Diani, na nilichokumbuka zaidi ya miti ni utaratibu. Mgeni hujifunga kitambaa cheusi. Hufuata njia aliyoonyeshwa na haiachi. Haokoti kitu, hata jani kavu. Anayemwongoza ametoka katika jamii ileile inayouzunguka msitu, na si mtu wa kubembelezwa.

Fikiri juu ya mahali kaya hizo zilipo. Ukiitoa Kinondo iliyozungukwa na hoteli, zipo nyingine katikati ya mashamba, kando ya barabara, karibu na machimbo, kwenye vilima vya Rabai ambako kutoka mjini Mombasa ni safari fupi. Ardhi iliyozizunguka imefyekwa karibu yote. Nyingine ni ndogo, hekta 30 tu. Hazikusalimika kwa kuwa mbali na watu, maana watu waliishi ndani yake hasa, na hata baada ya kuhama waliendelea kuzika na kuomba humo. Zilisalimika kwa sababu kila aliyekuwa karibu alijua kuna njia moja, kuna mlinzi, na kuna adhabu ya kuzikiuka. Na pale wazee walipopuuzwa, sehemu za kaya zilimegwa na kuuzwa kama kiwanja kingine chochote, kwa hiyo nisizisifu kupita mipaka.

Jambo lililonisumbua likapata umbo hapo. Nilikuwa nikiuliza mahali pa pori pako umbali gani na kama pako wazi au pamefungwa, nikasahau kuuliza mwenyeji ni nani. Mikoko ya nyuma ya nyumba yangu iko wazi kwa kila mtu na kwa hiyo mwenye shoka ndiye mwenyeji wake. Msitu wa Karura kule Nairobi uko wazi kwa mwenye kiingilio, na wanaoukumbuka kabla ya ua wanajua kwamba ulikuwa pango la wezi, miaka hiyohiyo ambapo mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa, mwaka 1999, kwa kujaribu kupanda mche kwenye lango la msitu ambao wakubwa walitaka kuugawa. Leo familia hutembea mule na watoto. Kilichobadilika Karura si umbali wake na mtaa wa Muthaiga ulio jirani nao.

Na hatuhitaji kwenda Nairobi kupata mfano. Gazi, Kwale, kina mama wana njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya tope, mgeni hulipa, hutembezwa, na mizizi haikanyagwi. Kijiji hichohicho, pamoja na jirani yake Makongeni, tangu 2013 kina mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huuza hati za hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na mikoko na kuyatumia mapato yake kwa mambo kama maji na shule. Huko mikoko ina watu wanaoweza kukuuliza unakwenda wapi. Swali hilo, likiulizwa na mtu sahihi, lafaa kuliko ukuta.

Harufu

Nimelipeleka wazo hili kwenye kundi letu la matembezi: kabla ya Shimba nyingine, tushuke Mikindani, watu wachache kwa wakati, maji yakiwa yamekupwa, na wanaotutembeza wawe wale wanaofanya kazi mle kila siku, walipwe kama tunavyomlipa askari wa hifadhi. Majadiliano yamekuwa marefu na, niseme kweli, ya kuudhi.

Wengine wanataka palahala, na siwalaumu. Kenya nzima hakuna mahali pengine pa kumwona porini. Wengine wanaogopa wapikaji wa chang'aa. Lakini hoja inayorudi kila mara ni harufu, na wanaoitoa hawajakosea, kwa sababu hori ya Tudor hupokea maji machafu ya mitaa inayoizunguka yakiwa ghafi, na mikoko ya Mikindani imefanyiwa utafiti na wanasayansi kwa sababu hiyohiyo, ili ijulikane miti ile inastahimili kiasi gani cha kinyesi chetu. Mwenzetu mmoja alisema kwa ukali kwamba hawezi kulipa ili akanyage choo. Asafishiwe kwanza, kisha ataenda.

Mimi naona mambo yako kinyume chake. Mabomba yale yamemwaga uchafu kwa miaka kwa sababu wanaoyaona ni wachokoa chaza, ambao malalamiko yao hayapandi kilima. Siku watakapoyaona mwalimu, karani wa benki na daktari wa meno, wote wakiwa na simu zenye kamera na mazoea ya kuandika barua, mambo huenda yakachukua sura nyingine. Aliyenipinga akasema hiyo ni kuwafanya watu watalii wa mabomba. Huenda. Nimewahi kutalii vitu visivyo na faida kuliko hivyo.

Hatimaye amekubali kuja kwa sharti moja: barua kwa kaunti iandikwe kabla ya matembezi, ili tusije tukarudi na picha tu. Rasimu anayo yeye. Tunachobishania sasa ni nani watakaotia sahihi, kwa kuwa mojawapo ya mabomba hayo linatoka katika mtaa tunaoishi mimi na yeye, na kamati ya wenye nyumba ingependa jambo hilo lisiandikwe.